Kava ya Sh500 ilitufunza kazi. Wewe utafunzwa na nani?

Fungua simu yako saa hii. Ingia pale unaposikilizia muziki, upitishe kidole kwenye ngoma mpya za wasanii wa mtaani, wale ambao bado hawajaomoka. Usicheze chochote. Angalia kava tu.

Utaona simba amevaa taji la dhahabu. Utaona jamaa amesimama kwenye mvua, nyuma yake jiji lenye taa za zambarau. Angalia hilo jiji vizuri. Halina matatu, halina kibanda cha M-Pesa, halina hata nyaya za stima zinazoning'inia. Msanii ni wa Dandora, lakini kava yake imepigwa mahali ambapo hakuna binadamu amewahi kulipa kodi ya nyumba.

Hizo ni picha za akili unde, au AI kama tunavyoiita sote. Msanii ameandika sentensi moja kwenye simu, akangoja kidogo, akapata kava bila kutoa hata ndururu.

Sikuja hapa kumlaumu. Kama ningekuwa na Sh200 mfukoni na studio inanidai, hata mimi ningefanya hivyo. Ninachotaka tuongee ni ile kazi ya kava ya Sh500 ambayo imeyeyuka. Kwa wengi wetu tunaokula kwa kuhariri picha na kuunda mabango kwenye kompyuta, hapo ndipo tulisomea.

Nilichokosa darasani

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo na kodi ya nyumba zilikataa kukaa kwenye bajeti moja. Kabla sijatoka, tulikuwa tumefunzwa Photoshop muhula mzima. Mwalimu alituonyesha vifaa vilivyo upande wa kushoto wa skrini, kimoja baada ya kingine, nasi tukaandika kwenye daftari. Mtihani niliupita.

Halafu jirani yetu pale Umoja, kijana anayerap, akaniuliza kama naweza kumtengenezea kava. Bei Sh500. Nikakubali haraka, nikafika saiba, nikafungua programu, nikagundua sijui chochote.

Nilijua kifaa cha kukata picha kinaitwaje. Sikujua nywele za mtu mwenye rasta zinakatwa vipi kutoka kwenye ukuta wa mabati bila kuonekana kama zimenyolewa na panga.

Kazi hiyo ilinichukua siku nne, na kila siku ilikuja na somo lake.

Siku ya kwanza, picha. Jamaa alikuwa amenitumia picha yake kwa WhatsApp kama unavyotuma picha yoyote. WhatsApp huibana picha ili isimalize bando, kwa hivyo kilichonifikia kilikuwa kivuli cha picha yenyewe. Apple Music wanataka kava ya mraba, pikseli 3,000 kwa 3,000. Yangu haikufika hata nusu. Nikaivuta kwa nguvu, uso wake ukawa ukungu. Ikabidi nimfuate kwao na kebo. Siku hizi jambo la kwanza ninalomwambia mteja ni hili: tuma kama dokumenti, si kama picha.

Siku ya pili, ukuta. Nilikuwa nimeufuta ule ukuta wote kwa kifutio, nikaweka moshi na moto nyuma yake. Jamaa akaangalia, akanyamaza, akasema, "Rudisha ukuta, buda. Mathe huuza mboga hapo." Sikuwa nao tena. Nilikuwa nimefuta na kuhifadhi juu ya faili ileile. Nikaanza upya. Hapo ndipo nilielewa maski ni nini: badala ya kufuta sehemu ya picha, unaificha. Ukiitaka tena, unapaka rangi nyeupe juu ya maski na inarudi ilivyokuwa. Mwalimu alikuwa amelitaja neno hilo darasani. Sikulisikia mpaka liliponigharimu siku nzima.

Siku ya tatu, ngozi. Nilikuwa nimempaka mwanga mpaka jamaa mweusi tititi akawa na rangi ya majivu. Akauliza, "Huyu ni nani?" Nikajifunza kuinua sehemu zenye giza polepole na kuacha ngozi ibaki ngozi.

Siku ya nne, jina. Nilikuwa nimechagua fonti nyembamba, maridadi sana kwenye skrini ya saiba. Tukaifungua kwenye simu yake, kava ikiwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na jina lake halikusomeka kabisa. Msanii anayetafuta jina, na jina lenyewe halionekani!

Video za YouTube zingenionyesha jinsi ya kufanya hayo yote, na baadaye nilizitazama nyingi. Lakini video haiwezi kukukataa. Huwezi kuielewa maski mpaka kuwe na mtu anayeutaka ukuta wake.

Kwa nini kava

Kama unataka kujifunza kuhariri picha, kuna kazi nyingi unazoweza kuanzia. Kadi ya biashara ni maandishi matupu. Bango la krusedi lina picha za wachungaji tisa, namba tatu za simu na ratiba ya siku saba, utachanganyikiwa kabla hujaanza. Kava ni mraba mmoja, picha moja, maneno mawili au matatu. Unaweza kuimaliza kwa wiki. Lakini ndani ya huo mraba kuna kila kitu: kukata picha, kupanga matabaka, rangi, mwanga, herufi, na kutoa faili ambayo haitakataliwa.

Tena ni kazi ambayo vijana wameishika tangu mwanzo. Zamani sahani za santuri zilikuwa zinauzwa kwenye majalada makavu yasiyo na mchoro wowote. Mwaka 1939, kampuni ya Columbia Records kule Marekani ikamwajiri Alex Steinweiss, kijana aliyezaliwa 1917, kusimamia michoro yake. Yeye ndiye aliyewashawishi waweke sanaa kwenye jalada, kila albamu na sura yake. Fanya hesabu ya umri wake. Huyo angekuwa mbogi yetu.

Na Photoshop yenyewe? Iliandikwa na Thomas Knoll akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Michigan. Alianza kuichezea mwaka 1987, wakati alipofaa kuwa anaandika tasnifu yake. Nduguye John, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya kutengeneza picha za sinema, akaona hiyo ni bidhaa. Toleo la kwanza likatoka Februari 1990.

Halafu kuna kava ambayo huwa ninamwonyesha kila mtu anayeniambia hawezi kuanza kwa sababu hana kamera. Albamu ya Joy Division, Unknown Pleasures, ya mwaka 1979. Mbele hakuna jina la bendi, hakuna jina la albamu, hakuna sura ya mtu. Kuna mistari tu, imepanda na kushuka kama milima. Ni mchoro wa mawimbi ya redio kutoka kwa nyota, uliokuwa umechapishwa kwenye kitabu cha elimu ya anga. Mle kitabuni mistari ilikuwa myeusi kwenye karatasi nyeupe. Mbunifu Peter Saville akageuza, mistari ikawa myeupe kwenye weusi. Leo utaiona kwenye fulana Gikomba, na wengi wanaoivaa hawajawahi kusikia wimbo hata mmoja.

Kugeuza rangi ni kazi ya kubonyeza mara moja. Kujua kwamba hapa ndipo pa kubonyeza, na kwamba baada ya hapo unafaa kuacha, hiyo inachukua miaka.

Ngazi imekatwa chini

Sasa turudi kwa AI, kwa sababu hapa watu hubishana bila kuangalia mahali panapouma.

Kuna wanaosema AI itaua wabunifu wote. Mimi sioni hivyo. Msanii mkubwa mwenye menejimenti bado analipa mpiga picha, mtu wa mavazi na mbunifu. Anajua sura yake ni mali. Kuna wengine wanasema AI ni kifaa tu, zoea utaishi. Hao nao wana ukweli. Photoshop yenyewe imekuwa na AI ya kuzalisha picha ndani tangu 2023, na mimi huitumia. Mteja akileta picha iliyokatwa kichwani, naiongezea ukuta juu kwa dakika moja badala ya saa mbili.

Lakini mimi na yule mbunifu mkubwa tayari tuko juu ya ngazi. Tulipanda kwa vipande vya chini: kava ya Sh500, bango la shoo ya mtaani, nembo ya kinyozi. Vipande hivyo ndivyo AI imekata kwanza, kwa sababu ndivyo rahisi na ndivyo mteja hana pesa. Wewe uliye na miaka 18 unasimama chini unaangalia ngazi inayoanzia juu ya kichwa chako.

Ukienda kuomba kazi, wanauliza kazi ulizowahi kufanya ziko wapi. Ulikuwa uzipate kwa wasanii wa mtaa. Wasanii wa mtaa wako na simu zao. Mwenye mjomba kwenye kampuni ya matangazo ataingia. Mwenye hela za kozi ya bei ghali ataingia. Sisi wa saiba ndio tutabaki nje, halafu baada ya miaka kumi mtu ataandika kwenye gazeti kwamba vijana wa Eastlands hawana vipaji vya ubunifu.

Na msanii pia anapoteza, ingawa bado hajajua. Mwaka 2024 bendi ya Uingereza, Tears for Fears, ilitoa albamu yenye kava iliyotengenezwa kwa AI. Ni bendi kubwa tangu miaka ya 1980, lakini mashabiki wake waliishambulia kweli kweli. Watu huona wakidanganywa. Kule Marekani, Machi 2025, mahakama ya rufaa ilishikilia kwamba kazi iliyotengenezwa na mashine peke yake haiwezi kupewa hakimiliki. Hiyo ni Marekani, si hapa. Lakini kama ndoto yako ni kuuza ngoma na fulana hadi huko, jiulize: kesho mwingine akichukua yule simba wako mwenye taji, utamshtaki ukisema nini?

Mkataba ambao sikuandika

Kabla sijakutuma ukatafute wateja, lazima nikwambie jinsi kava ile ya kwanza ilivyoisha.

Ngoma ilipaa. Si kupaa kwa kimataifa, lakini ilichezwa redioni, na matatu za upande wetu ziliipiga msimu mzima. Siku moja nikaona kava yangu kwenye bango la shoo. Baadaye nikaiona kwenye fulana zinauzwa Sh1,000 kila moja. Nikamtafuta jamaa, nikamwambia angalau anikatie kitu kidogo. Akanijibu kwa upole, "Si nilikulipa?"

Nilikasirika, nikaenda kusoma sheria ili nimwonyeshe. Sheria ikanionyesha mimi.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema hivi kwa lugha rahisi: mtu akikuagiza umtengenezee kazi, hakimiliki inachukuliwa kuwa imehamia kwake yeye aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Hatukuwa tumekubaliana chochote. Tulikuwa tumegongesha ngumi na kunywa soda. Kwa zile Sh500, jamaa alikuwa amechukua kava, bango na fulana zote.

Kitu kimoja tu kilibaki changu. Kifungu cha 32 kinampa mtengenezaji haki ya kutambuliwa kuwa yeye ndiye aliyeitengeneza kazi, hata baada ya haki za kibiashara kuhama. Yaani jina langu. Nami sikuwa nimeliomba liandikwe popote.

Mpaka leo tukikutana steji tunasalimiana kwa kichwa tu. Alikuwa rafiki yangu. Karatasi moja ingeokoa urafiki huo.

Kwa hivyo andika, hata kama ni ukurasa mmoja, hata kama ni Sh500, hata kama ni binamu yako. Sema kava itatumika wapi: mtandaoni pekee, au pia kwenye mabango na nguo? Akitaka kuuza fulana, mgao wako ni kiasi gani? Jina lako litaandikwa wapi? Nyote wawili mweke sahihi, kila mtu abaki na nakala yake. Kazi yako ukitaka kuisajili, Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, husajili kupitia mtandao.

Anza hivi

Usiniambie huna pesa za Photoshop. Mimi nilianza na ya wizi, sijivunii, na wewe huna sababu ya kurudia. Photopea inafanya kazi ndani ya kivinjari, haina haja ya kusakinishwa, na inafungua hata faili za Photoshop. GIMP ni ya bure tangu miaka ya 1990. Canva ni nzuri kwa kazi ya haraka, lakini ukianza na violezo vya watu utachelewa kujua kwa nini vinapendeza.

Chagua albamu kumi unazozipenda. Zitengenezee kava upya, moja kwa siku mbili, bila kuvuka. Ya kwanza itumie picha pekee. Ya pili herufi pekee. Ya tatu rangi mbili tu. Ukiweka mtandaoni, sema wazi ni zoezi lako, usije ukapotosha mashabiki wa mtu.

Picha zipige mwenyewe, na simu uliyo nayo. Karibu na dirisha, asubuhi, utapata mwanga mzuri kuliko wa studio nyingi. Za kuokota Google zina wenyewe.

Kila kava ikiisha, iweke kwenye simu, uipunguze iwe kama ukucha, umpe mtu aliye mbali kidogo aisome. Akishindwa, rudi mezani.

Baada ya hizo kumi, mtafute binadamu. Usimwendee msanii na bei kwanza, mwendee na swali: huu wimbo uliuandikia wapi? Nenda hapo naye, piga picha. Kama hana pesa, badilishaneni. Saa mbili za studio kwa kava. Kwaya ya kanisa ina albamu na haina kava ya maana. Mashindano ya densi ya mtaa yanahitaji bango. Muhimu ni awe mtu anayeweza kukwambia hapana.

Na nyinyi mnaopanga masomo yetu, nawaomba kitu kimoja. Mtaala mpya umeleta mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo kwenye sekondari pevu, na hilo nalisifu. Lakini mkimpa mwanafunzi kompyuta na orodha ya vifaa vya kukariri, mtatoa watu kama mimi siku ile ya kwanza pale saiba. Mpeni mteja. Kila shule ina wasanii nje ya geti lake. Waiteni ndani, walete nyimbo zao, wakatae kazi mara tatu, halafu ndipo mwalimu atoe alama.

Faili ya ile kava ya kwanza bado ninayo. Fonti ilinishinda hadi mwisho na mwanga umeegemea upande mmoja. Lakini ukuta ni ule wa kweli. Ukiikuza kwenye kona ya chini, kulia, utaona ndoo ya buluu na sukuma za mathe yake zimefungwa mafungu mafungu, tayari kwa wateja wa jioni. Jamaa ndiye aliyesema niziache.